Madam wa Dirisha la Kadi

Huyu mama ukimsalimia asubuhi alikuwa anakujibu kwa swali. "Nzuri. Umekula?" Na si lile swali la adabu ambalo mtu anauliza huku ameshakupita. Alitaka jibu, tena jibu lenye maelezo: ulikula nini, nani alipika, na kama ilikuwa chai ya rangi bila kitu, kwa nini iwe hivyo. Tulimwita Madam wa Dirisha. Jina lake kamili lilikuwa limebandikwa pale juu ya dirisha lake kwa herufi nyeupe, lakini sikuwahi kumsikia mwanafunzi akilitumia, na mimi sitaanza leo.

Chuo chetu kiko Nairobi, upande wa Baba Dogo, kimebanwa na viwanda, kiasi kwamba king'ora cha kiwanda cha jirani ndicho kilichotuambia saa ya chakula imefika. Mimi nilikuwa darasa la ushonaji. Siku ya kwanza kila mmoja alipewa kadi ya mwanafunzi, yenye picha ambayo hata mama mzazi angeikana, tukaambiwa kadi hiyo ndiyo geti, ndiyo maktaba na ndiyo chakula. Kantini haikushika pesa mkononi. Ulikuwa unalipa mbele, malipo yanaingia kwenye kadi, halafu ukifika kwa mpishi unaigusisha kwenye kimashine chake, kinalia tii, unapewa sahani. Kisipolia, ndugu yangu, utanusa tu.

Sasa, kulipa mbele kulikuwa na njia tatu, na kazi ya yule mama ilikuwa kukusaidia kuchagua. Karatasi ya ukutani ilizieleza zote kwa lugha ya mawakili. Yeye alizieleza hivi:

"Mpango wa muhula ni ndoa. Unalipa yote siku moja, na kila wiki kadi inakupa sahani tano zako na moja ya mgeni. Ule usile, Ijumaa jioni zinafutika, Jumatatu zinaanza upya. Hakuna kuja hapa kuniambia ulikuwa umenuna. Sahani za kununua ni kuku wa kufuga. Unanunua kumi, unanunua ishirini, unachinja siku unayotaka, na zinakaa mpaka mwaka uishe. Lakini hapo hakuna ya mgeni, na kila sahani inapanda bei kidogo. Ya tatu ni mfuko. Hiyo ni pesa tu ndani ya kadi: mandazi, fotokopi, uzi, zipu. Ukimaliza chuo, iliyobaki unarudishiwa. Lakini mfuko ni mfuko, na mkono uko karibu. Sijaona mtu akirudishiwa kitu."

Mtu wa kawaida angeishia hapo akuulize unataka ipi. Yeye ndipo alikuwa anaanza. Anavua miwani, anaegemeza viwiko kwenye ubao wa dirisha, anakutazama. Nyumbani kwenu mnakula saa ngapi? Nani anapika? Nani anakula kwanza? Nani hupitia hapo bila kuambia mtu? Nyuma yako foleni imefika kwenye bomba la maji, watu wanapiga miluzi, na wewe unamweleza habari za shangazi yako mbele ya umati. Vijana wa darasa la makanika walichukia kabisa.

"Madam, form ni gani? Niwekee tu dishi nisonge."

"Form ni kujua unakula lini. Jibu swali."

"Si hiyo ni siri ya nyumba?"

"Kadi haijui shida zako, kijana. Na mimi nisipozijua, utalipia chakula ambacho hutakila."

Alikuwa sahihi, ingawa si kila mara. Nitafika huko.

Toka muhula wangu wa kwanza kulikuwa na fununu kwamba dirisha litafungwa, kwamba chuo kinaleta mashine ya kubandika ukutani, mwanafunzi ajibonyezee mwenyewe. Kila tukienda likizo tulisema tukirudi tutaikuta. Wengi tulifurahi, hasa sisi wenye mashangazi. Siku moja nilimuuliza kama anaiogopa hiyo mashine. Hakuzunguka. "Kazi nitapata," akasema, "hata ya kuuza sukuma wiki. Watu wa kuuliza ndio nitawatoa wapi?" Alisema akicheka, nami nikacheka, lakini hilo ndilo lilikuwa tumbo joto lake, na alilirudia kila fununu ilipozuka: dirisha likifungwa, hana mtu. Mimi niliona anatia chumvi. Mtu anayejua chakula cha jioni cha nusu ya Eastlands anakosaje watu?

Mama yangu alimjua kwa ugomvi. Mama alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha mabeseni, na majirani zetu pale Huruma walikuwa wamemjaza maneno kwamba mpango wa muhula ndio wa watu wenye akili, kwa sababu ukigawanya, kila sahani inashuka bei. Nikatumwa niuchukue. Madam akaniuliza maswali yake, akasema huo si wangu, nenda nyumbani. Kesho yake saa ya chakula nikaona mama anaingia getini na koti lake la kazi, kitambaa kichwani kimekazwa. Nikajificha nyuma ya nguzo. Sina aibu kusema hivyo, hata wewe ungejificha.

"Wewe ndiye umemkataza mtoto wangu kula?"

"Mulembe, mama."

Mama akakwama. Hiyo ndiyo salamu ya kwetu magharibi, ni ya amani, na haijibiki kwa hasira hata ufanye nini. "Mulembe," akasema, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa fimbo.

"Unalipwa lini, mama?"

"Jumamosi."

"Kila Jumamosi?"

"Kukiwa na kazi."

"Ndiyo maana. Huu mpango unataka yote leo. Utaenda kukopa, halafu wiki mbili kazi ikose, uanze kulipa deni la sahani ambazo zimeshafutika. Mnunulie za kuhesabu. Jumamosi ukipata, unaongeza kwa simu. Ukikosa, zilizoko zinakungoja."

Hilo mama alilielewa. Lakini alikuwa na lake, na lilikuwa zito. "Na dada yake mdogo? Shule yao iko hapo ng'ambo ya barabara. Si anaweza kuja kula kwa kadi hiyohiyo? Chungu chetu ni kimoja."

"Kadi ni mswaki, mama. Ni ya mdomo mmoja."

"Basi hiyo kadi ina roho mbaya."

"Hata mimi nimeiambia," Madam akasema, na wote wawili wakaangua kicheko. Foleni ikasahauliwa. Wakaingia kwenye habari za mrenda, ile mboga ya kwetu, jinsi usivyopatikana mzuri Nairobi hii, na jinsi watu wa sokoni wanavyochanganya kunde changa na zilizokomaa. King'ora kikalia mara ya pili, mama akarudi kiwandani bila kula chochote, na jioni akaniambia yule mwanamke ni mtu wa maana sana, ila ana maswali mengi. Nilinunuliwa sahani kumi.

Na sasa lile kosa. Niliketi darasani na msichana wa Eastleigh aitwaye Hodan. Babake ana duka la vitambaa, kwa hiyo kwao kulipa muhula mzima si habari. Madam alimuuliza yote: saa ya kula, mpishi, wageni. Kwao wageni hawaishi. Akamwandikia mpango wa muhula, akampongeza. Wiki chache baadaye mwezi wa Ramadhani ukaandama. Kantini yetu inafunga saa tisa alasiri. Hodan akawa hali, na kila Ijumaa jioni sahani zake tano zikawa zinafutika kama tulivyoambiwa. Yeye hakusema kitu, aliona aibu kulalamikia chakula wakati wa mfungo. Mimi ndiye niliyeropoka tulipoenda dirishani kuweka pesa ya uzi.

Jamani, yule mama alishika kichwa. "Mimi? Mimi na maswali yangu yote? Sikumuuliza kama anafunga!" Alifunga dirisha papo hapo, foleni ikabaki imeduwaa, akaenda jikoni na kitambulisho chake shingoni. Sijui walizungumza nini na mpishi, maana mpishi wetu ni mtu wa kusema hapana hata kabla hujauliza. Lakini tangu siku hiyo Hodan alikuwa anaigusisha kadi yake kabla ya saa tisa, anapakiwa wali na maharagwe kwenye mkebe, anakwenda kufuturia kwao. "Wallahi mama yangu anashangaa," Hodan aliniambia. "Anasema, sisi hapa tuna nyama ya ngamia, tuna sambusa, na wewe unatuletea maharagwe ya chuo?" Ramadhani ilipokaribia kuisha, mama yake Hodan alituma furushi la sambusa pale dirishani. Madam aliigawia foleni nzima, moja moja, huku akiwaambia makanika waseme asante kwa sauti. Yeye hakuonja.

Kuanzia hapo likaongezeka swali moja: unafunga? Kila mtu aliulizwa. Wasabato, watu wa maombi ya Jumatano, wote. Nakumbuka kijana mmoja wa uchomeleaji, mrefu, suruali inamwishia juu ya kifundo. "Nafunga kila mwisho wa mwezi, Madam," akasema, "lakini si kwa ajili ya Mungu." Foleni ikacheka. Madam hakucheka. Alimwandikia sahani za kununua, akamwambia azitumie zile siku za mwisho wa mwezi peke yake, na mwanzo wa mwezi ale kwao. Yule kijana aliacha kucheka pia.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa na mdomo. Picha ya kadi yako ikiwa mbaya alikuambia, kisha akamwita mwenzake wa ofisini aje aione. Alipiga marufuku kula karibu na dirisha, ati makombo yanaleta panya, na yeye mwenyewe droo yake ilijaa maganda ya njugu. Kila siku alituhubiria kulipa mbele, kulipa mbele, na simu yake haikuwa na salio hata siku moja. "Hebu nipigie hiyo namba, mwambie anipigie." Aliimba kwaya sauti ya kwanza, tena kwa nguvu, na kama una mtihani chumba kile cha jirani, pole. Akipiga kelele "Mwingine!" ungedhani ana haraka, halafu huyo mwingine anakaa naye dakika kumi akieleza ndoa ya dada yake.

Ukipoteza kadi ndipo ulipomwona vizuri. Wasichana walifika wakilia. "Usilie kwanza," alikuwa akisema, vidole tayari viko kwenye kompyuta. "Tufunge pesa, halafu utalia ukiwa umetulia." Anafunga, sahani zako hazihami, unapata kadi mpya kesho. Na kweli wengi wakishasikia hivyo machozi yanakauka. "Sasa lia," anawaambia. Hawawezi tena.

Kitu kimoja tu hatukuwahi kukiona: yule mama akila. Alikuwa na chupa yake ya chai na zile njugu. Saa ya chakula akiulizwa, anajibu, "Nitakula nyumbani." Wafanyakazi hawakuwa na kadi, kadi ni ya mwanafunzi, kwa hiyo tuliona ni sawa. Sisi tulikuwa tumeshamjengea nyumba vichwani mwetu: sufuria kubwa, wajukuu wamejaa mkekani, majirani wanaingia na kutoka. Mtu anayeuliza habari za meza za watu namna ile, meza yake itakuwaje?

Mwaka wa pili nilianza kushonea watu sare za shule pale nyumbani, tukajimudu, nami nikaingia kwenye ile ndoa ya muhula. Sahani ya kwanza ya mgeni nilimpa mama. Alikuja na nguo ya kanisa, akakaa wima, akala wali na maharagwe polepole akiangalia watu. "Maharagwe hayajaiva," akasema. Halafu akaenda akahadithia ghorofa nzima kwamba amelishwa chuoni na mtoto wake, kwa kadi. Wiki iliyofuata nikaona nimwalike Madam.

"Sahani yangu ya mgeni iko, njoo tule."

"Mimi si mgeni hapa," akajibu, akivaa miwani. "Mimi ni mwenyeji. Mlete mtu wa kwenu." Kisha, "Mwingine!"

Sikulifikiria tena. Nilimleta dada yangu, na lile neno la mama la chungu kimoja likatimia kwa njia halali.

Mashine ilikuja tulipokuwa tunamaliza. Kweli ilikuwa nzuri, ina kioo cha kubonyeza, inapokea malipo ya simu palepale, na foleni ikawa haina urefu. Unabonyeza moja, mbili au tatu, imekwisha. Haikuulizi kitu. Darasa letu lilimshonea Madam gauni la kitenge, Hodan akaleta kitambaa kutoka dukani kwao, mimi nikashona mikono. Alilivaa siku ya mwisho juu ya nguo zake, akazunguka nalo uani. Halafu akakaa pale dirishani na hakuna aliyekuja, maana watu wote walikuwa kwenye mashine, wanaishangaa. Niliumia kumwona. Nikaenda nikamuuliza kitu cha uongo, kuhusu kurudishiwa pesa ya mfuko.

"Una kiasi gani?"

"Sina kitu."

"Nilikuambia," akasema, akafurahi kidogo.

Miaka imepita. Nina kibanda changu cha ushonaji Huruma na vyerehani viwili. Juzi nilipata kazi ya aproni za darasa la upishi pale chuoni, nikazipeleka Ijumaa mchana. Nilikuwa nimetoka kula chapati tatu na ndengu kwa mama wa pale mtaani, nimeshiba hadi natembea taratibu. Nikaingia uani, na pale karibu na mashine nikamwona mwanamke mwenye koti jeupe la upishi, mvi zimetoka chini ya kofia, kadi ya mwanafunzi inaning'inia shingoni. Picha ilikuwa mbaya sana.

"Madam!"

"Umekula?" akasema.

Tulikumbatiana hadi kofia ikaanguka. Akanieleza kwamba anasomea kuoka mikate, kozi fupi, na kwamba darasani ni mama wa wote na wanamwita shosho, yaani bibi, hapendi. Alikuwa amekonda. Nikaamua kumrudishia dawa yake, kwa utani. Nikakunja mikono, nikamtazama kama alivyokuwa akitutazama.

"Haya. Nyumbani kwenu mnakula saa ngapi?"

Akacheka. "Huko ni mimi tu. Nakula nikikumbuka."

"Nani anapika?"

"Mimi."

"Nani anakula kwanza?"

"Si ni mimi!"

Lilibaki la mwisho, na nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikashindwa kurudi nyuma. "Na nani hupitia bila kuambia mtu?"

Hapo hakucheka. Aliokota kofia, akaipangusa vumbi kwa kiganja. Nikaiona ile nyumba yetu ya kufikirika, sufuria na wajukuu na mkeka, ikiondoka yote. Miaka ile yote tukijibu maswali yake, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumrudishia yeye maswali hayo.

"Ulichagua mpango gani?" nikauliza, nikiitazama ile kadi shingoni mwake.

"Wa muhula."

"Wewe? Mtu mmoja, kozi fupi? Si ungenunua sahani chache?"

"Ningekukataza wewe," akasema. "Lakini sahani za kununua hazina ya mgeni." Akaweka kofia kichwani, akairekebisha vizuri. "Kila Ijumaa inafutika. Hawa watoto nimewaalika, wananiambia kila mmoja ana kadi yake. Na huko nje, nimwalike nani? Nikasema basi, angalau iwepo. Mtu anaweza kupita."

Kiwandani king'ora kikalia. Tumbo langu lilikuwa limejaa chapati hadi shingoni.

"Mimi sijakula," nikasema.

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

Alinishika mkono, akanipeleka kwenye foleni kwa mwendo ambao sikujua bado anao. Mpishi ni yuleyule wa hapana. Madam aligusisha kadi, tii. Akaigusisha tena, na kimashine kikalia tofauti, mara mbili, kama kinavyofanya kwa mgeni.

"Mgeni ni nani?" mpishi akauliza.

"Huyu," akasema, kwa sauti ya kwaya, na foleni yote ikageuka. "Wangu."

Tulikaa karibu na lile dirisha lake la zamani. Kabla sijashika kijiko alikuwa ameshaanza: mama anaendeleaje, kiwanda bado kinamwita, dada yangu aliolewa na nani, jikoni kwangu nani anapika siku hizi. Nikamjibu yote, na maelezo. Nikamwambia Ijumaa ijayo namtuma mama, naye ajiandae kuzungumzia mrenda, na inayofuata Hodan atatoka dukani aje. "Na Jumapili wewe ndiye utapita kwetu bila kuambia mtu," nikasema.

"Mnakula saa ngapi?"

"Ukifika."

Maharagwe hayakuwa yameiva. Nilimaliza yote.